Maswali ya ‘opposites’ yanawapotosha wanafunzi

Agiza soda kwenye mgahawa wowote wa Dar es Salaam na mhudumu atakuuliza: ya baridi au ya moto? Ukisema ya moto, hakuna atakayeibandika chupa jikoni. Utaletewa soda iliyotoka kwenye kreti, ambayo haijapita kwenye friji. Jirani yako aliyeagiza chai ya moto, akiletewa kitu cha vuguvugu ataita meneja. Neno ni lile lile, ila kwenye soda “moto” ni joto la kawaida la chumba na kwenye chai ni la kuunguza ulimi. Mteja hachanganyikiwi. Wala hashangai akiulizwa kama chai anataka ya maziwa au ya rangi, ingawa hakuna kamusi inayosema kwamba kinyume cha maziwa ni rangi.

Kiingereza kina mambo hayo hayo. Bia isiyo “cold” huitwa “warm”, haiitwi “hot”. Kahawa isiyo “black” ni “white”, mvinyo usio “white” ni “red”, na ule uongo mdogo wa kumstahi mtu, “white lie”, hauna pacha mweusi anayetajwa mitaani. Mtoto wa Leeds au Bristol huyaokota haya mezani kwa mama yake. Mtoto wa Tandale au wa Kisumu huletewa kwa njia nyingine: mwalimu anapiga mstari katikati ya ubao, kushoto anapanga maneno kumi, kulia anaacha nafasi, na juu anaandika “Write the opposites of the following words”.

Mstari huo wa katikati ndio wa kulaumiwa.

Fungua daftari la mtoto wa darasa la tano uone. Kaulizwa “short”, kaandika “long”. Kalamu nyekundu imepita: jibu ni “tall”. Lakini kamba fupi ni “short” na kinyume chake ni “long”. Mtu mfupi ndiye ambaye kinyume chake ni “tall”. Mtoto alifikiria kamba, mwalimu alifikiria mtu, na alama ikaenda na maji. Chini yake kuna “light”, yenye majibu angalau mawili: “heavy” kwa mzigo, “dark” kwa chumba. “Right” ni “left” au “wrong”. “Hard” ni “soft” kwa godoro, “easy” kwa hesabu. “Free” ndiyo balaa zaidi, kwa sababu kiti kilicho “free” kinapingana na kilichokaliwa, mtu aliye “free” anapingana na mfungwa, au na mwenye shughuli nyingi, na kiingilio kilicho “free” kinapingana na cha kulipia. “Uncle” nayo huingizwa humo humo, jibu likitarajiwa kuwa “aunt”, kana kwamba jinsia ndiyo njia pekee ya kumgeuza mjomba. Kwa hesabu ya ukoo, anayesimama upande wa pili wa mjomba ni mpwa wake.

Hili halikugunduliwa jana. Peter Mark Roget, daktari wa London aliyekuwa katibu wa Royal Society kwa zaidi ya miaka 20, alichapisha Thesaurus yake mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 73. Alipanga dhana kwa safu mbili, kila moja ikitazamana na inayoipinga, hivyo mtu angeweza kudhani yeye ndiye baba wa ule mstari wa ubaoni. Lakini katika utangulizi alitahadharisha kwamba neno moja huweza kuwa na wapinzani kadhaa. Kutoa, alieleza, kunapingana na kupokea, na pia kunapingana na kuchukua. “Old” inapingana na “new” inapohusu vitu, na “young” inapohusu viumbe hai. Akaongeza kwamba mara nyingi kati ya pande mbili huwa kuna ya tatu, kama ilivyo kwa mwanzo, kati na mwisho. Miaka 15 baadaye, mwaka 1867, kasisi Charles John Smith alitoa kitabu cha visawe na vinyume, nacho hutajwa miongoni mwa vya kwanza kulitumia neno “antonym”, ambalo liliundwa ili “synonym” ipate mpinzani.

Kwa maneno mengine, aliyezipanga safu mbili alisema wazi kuwa safu mbili hazitoshi. Walioziiga safu walisahau kusoma utangulizi.

Kuna pia suala la sikio, ambalo orodha haiwezi kulifundisha. Mwingereza huoanisha “big” na “little”, “large” na “small”. Mwambie “large” na “little” atakuelewa, lakini atahisi kama ameona mtu kavaa kiatu cha ngozi mguu mmoja na ndala mguu wa pili. George Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton, walioanza mwaka 1985 kujenga hazina ya maneno ya kompyuta iitwayo WordNet, walikumbana na jambo hili tangu mwanzo. “Heavy” ina mwenzake, “light”. “Weighty” ina wake, “weightless”. “Ponderous”, yenye uzito ule ule, haina wake mwenyewe. Humfikia “light” kwa kupitia mlangoni kwa “heavy”. Maana inakaribiana kabisa, ila jozi ni za mazoea, na mazoea hutokana na kusikia maneno yakitumika pamoja mara elfu moja.

Gharama ya kuyapuuza haya huonekana zaidi mwanafunzi anapovuka kwenda sekondari. Nchini Tanzania mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo, kisha kidato cha kwanza anakuta fizikia, kemia na biolojia zote kwa Kiingereza. Kwenye kemia “hard water” kinyume chake ni “soft water”. Orodha yake ya zamani ilikuwa na “easy”. Asidi iliyo “strong” inapingana na “weak”, na iliyo “concentrated” inapingana na “dilute”, na hizo ni jozi mbili tofauti kabisa: asidi kali kwa asili yake inaweza kuwa imezimuliwa kwa maji mengi, na asidi dhaifu inaweza kuwa nzito kwenye chupa. Anayedhani “strong” na “concentrated” ni kitu kimoja hukosa maswali ambayo jaribio lake analielewa vizuri. Kwenye biolojia jeni iliyo “dominant” haipingani na “weak”, inapingana na “recessive”. Sumaku zisizofanya “attract” hufanya “repel”. Kila somo lina jozi zake, na mwalimu wa somo hilo hudhani mwalimu wa Kiingereza ameshazifundisha, naye mwalimu wa Kiingereza yuko bado kwenye “hen” na “cock”.

Mswahili hapaswi kulishangaa hili. Wavuvi na maofisa uvuvi husema samaki wa maji baridi, wakimaanisha wa mito na maziwa, na kinyume chake ni wa maji chumvi. Hakuna anayeuliza samaki wa maji ya moto wako wapi.

Ukitoka kwenye neno moja ukaingia kwenye vifungu, ndipo ule mstari unapokatika kabisa. Redio ukiifanyia “turn up” unaongeza sauti, na kinyume chake ni “turn down”. Mgeni naye akifanya “turn up” amefika, lakini asiyefika hakufanya “turn down”. Anayefanya “turn down” ni yule aliyekataa ofa ya kazi, na kinyume chake ni “accept”. Shati likifanyiwa “take off” limevuliwa, kinyume chake “put on”. Ndege ikifanya “take off” imepaa, na kinyume chake ni “land”. Kiswahili hapa kinamtendea mtu haki, kwa kuwa shati lina kuvaa na kuvua na ndege ina kupaa na kutua, wala havigongani.

Kuna vifungu vinavyofanana na vinyume na kumbe ni kitu kimoja. Fomu inayofanyiwa “fill in” na inayofanyiwa “fill out” zote zinajazwa. Dereva anayefanya “slow up” na anayefanya “slow down” wote wanapunguza mwendo. “Slim” na “fat” ni vinyume halali, mwembamba na mnene, ila “slim chance” na “fat chance” zote zinakuambia usitegemee kitu, ya pili ikiwa na kejeli zaidi. Na kengele ya saa ikifanya “go off” asubuhi, ndiyo kwanza imeanza kulia. Mwanafunzi aliyekariri kwamba “off” ni kinyume cha “on” ataamini imezimwa, ataendelea kulala.

Kwenye viambishi mambo si shwari, japo hapo mwanafunzi wa Kiswahili anaanza na mtaji ambao walimu wachache huutumia. Lugha yake ina kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua, ezeka na ezua, choma mwiba na kuuchomoa. Kiingereza kina “un-” inayofanya kazi ya jinsi hiyo kwenye “tie” na “untie”, “lock” na “unlock”. Mtoto akionyeshwa mfanano huo ataelewa kwa dakika chache. Ataelewa pia mtego wake, kwa sababu anajua tayari kwamba kununua hakutendui kununa, na kutambua hakumrudishi mtu aliyekuwa anatamba. Kiingereza kimejaa maneno ya aina hiyo. “Ruthless” ipo, “ruthful” karibu haisikiki. “Uncouth” ni mshamba asiye na adabu, mwenzake “couth” hutajwa kwa mzaha. P. G. Wodehouse alichekesha watu mwaka 1938, katika riwaya ya The Code of the Woosters, kwa kuivua “disgruntled” kiambishi chake, na mwaka 1994 Jack Winter alichapisha katika The New Yorker kisa kizima cha mapenzi kilichojengwa kwa maneno yaliyovuliwa namna hiyo. Wasomaji walicheka kwa kuwa waliijua kanuni na walijua inapovunjika. Kwa mtoto aliyekaririshwa kanuni peke yake, kisa hicho hakina hata mzaha mmoja.

Mzaha unakoma kwenye neno “inflammable”. Anayejua kwamba “in-” hukanusha, kama katika “incorrect”, atalisoma kuwa “haishiki moto”. Maana yake ni kinyume cha hapo: inashika moto upesi. “In-” hiyo imetokana na Kilatini na haina ukanushi wowote ndani yake. Hatari hiyo ilionekana mapema. Kuanzia miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kujikinga na moto, National Fire Protection Association, kilihimiza watu waandike “flammable” badala yake. Hadi leo maneno yote mawili yanaishi pamoja kwenye madebe, mitungi na magari ya mafuta, yakisema jambo moja. Yapo mengine ya familia hiyo yasiyoua mtu ila yanaaibisha. “Invaluable” ni kitu cha thamani mno, hivyo mfanyakazi aliyesifiwa kwa neno hilo kwenye barua asikasirike. Nyumba iliyo “inhabitable” inakalika. Hakimu aliye “disinterested” hana maslahi katika kesi, na ndiye unayemtaka. Aliye “uninterested” anapiga miayo.

Kosa jingine la Waswahili, “borrow me your pen”, limetandikwa fimbo miaka mingi bila kuelezwa. Chanzo chake kiko nyumbani. Kuazima kwa Kiswahili ni kwa pande zote mbili: nimeazima kalamu kwako, na tafadhali niazime kalamu. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa watu wawili, “borrow” kwa anayepokea na “lend” kwa anayetoa. Wanaisimu huziita jozi za namna hii vinyume vya uhusiano, kwa sababu tukio ni moja, linatazamwa kutoka pembe mbili, kama kununua na kuuza. Mwalimu akimwambia mtoto kwamba Kiingereza kina vitenzi viwili pale ambapo Kiswahili kinatosheka na kimoja, kosa hilo hufa ndani ya wiki. Akimwambia tu “lend ni opposite ya borrow”, mtoto anakuwa na maneno mawili na hajui lipi lake.

Wakubwa nao hukutana na jozi hizi, na huko zinauma mfukoni. Mkataba wa pango ulioandikwa kwa Kiingereza humtaja “lessor” na “lessee”, maneno yanayoachana kwa herufi chache tu za mwisho. Mmoja ni mwenye nyumba, mwingine ni mpangaji. Kwenye bima “insurer” ni kampuni na “insured” ni mwenye bima. Anayesaini haraka huweza kukubali kufanya matengenezo ambayo kwa akili yake yalikuwa ya mwenzake.

Yapo hata maneno ambayo ni kinyume cha yenyewe. “Sanction” ni kuidhinisha na pia ni kuwekea vikwazo. “Oversight” ni usimamizi, na ni kosa la kupitiwa, hivyo kamati ya “oversight” inaweza kufanya “oversight” bila mchapaji kukosea. Mfano maarufu zaidi umo katika kumbukumbu za Winston Churchill za Vita vya Pili vya Dunia. Maofisa wa Uingereza walitaka kufanya “table” waraka fulani, yaani uletwe mezani ujadiliwe mara moja. Wamarekani walipinga vikali, kwa sababu kwao kufanya “table” ni kuliweka jambo kando. Walibishana kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba pande zote mbili zilitaka waraka ujadiliwe. Mabunge ya Afrika Mashariki yalirithi maana ya Uingereza, na ndiyo maana Dodoma kuna hati za kuwasilisha mezani. Mwandishi wa habari anayesoma taarifa ya Bunge la Marekani kwa jicho la Dodoma ataripoti kwamba hoja imeanza safari, siku ile ile ilipozikwa.

Mbele ya haya yote, swali la “write the opposite” lenye neno moja tupu linapima nini? Linapima kama mtoto amebahatika kufikiria kitu kile kile alichokifikiria mtunga mtihani. Wamarekani walichukua muda mrefu kulikubali hilo. Mtihani wao wa kuingilia vyuo, SAT, ulikuwa na maswali ya vinyume tangu ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 1926. Waliyaondoa mwaka 1994 na kutilia mkazo usomaji wa vifungu. GRE, mtihani wa wanaokwenda shahada za juu, uliyaacha mwaka 2011 na kuweka maswali ya kujaza neno ndani ya sentensi. Lalamiko kubwa lilikuwa kwamba watahiniwa walikesha wakikariri orodha ndefu za maneno ambayo wasingeweza kuyatumia. India, yenye mitihani ya kuajiri watumishi wa serikali inayofanywa na umati mkubwa, bado inayauliza, na biashara ya vitabu vya kukariri inashamiri.

Walimu wana utetezi wao, na si wa kubezwa. Darasa likiwa na wanafunzi themanini, maneno kumi yenye majibu kumi husahihishwa upesi kabla kengele haijalia. Akili ya binadamu pia hupenda jozi: mwaka 1910 Grace Kent na Aaron Rosanoff walipowasomea watu 1,000 maneno 100, mmoja mmoja, wakiwataka wataje neno la kwanza linalowajia, “dark” iliwaletea wengi “light”. Kwa mtoto wa darasa la tatu anayeokota maneno yake ya mwanzo, “up” na “down”, “open” na “shut” ni ngazi nzuri ya kupandia. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni kwa mtoto huyo huyo kuulizwa hivyo hivyo akiwa kidato cha pili.

Utetezi wa muda nao hausimami sana, kwa kuwa sentensi haichelewi kusahihishwa. Mwalimu akiandika “Her bag is light”, kisha “The room is light”, na kuagiza neno la mwisho ligeuzwe, kila swali lina jibu moja, “heavy” na “dark”, na tiki inapigwa kwa kasi ile ile. Tofauti ni kwamba mtoto amelazimika kusoma. Kamusi nzuri za wanafunzi zilishauona mwanya huu zamani: Oxford Advanced Learner’s Dictionary, iliyoanzishwa na A. S. Hornby, haiweki kinyume kwenye neno zima. Hukiweka chini ya maana mahususi, pamoja na mfano wake. Programu za simu zinazomwaga vinyume ishirini kwa mpigo bila sentensi hata moja hazimsaidii mtu, zinamrudisha kwenye ubao ule ule.

Mitihani mingi ya majaribio hutungwa mashuleni na kwenye kata, na hakuna waraka unaohitajika ili kubadilisha swali moja. Mwalimu anayetunga mtihani wa Kiingereza wa muhula huu aziandike sentensi kumi mahali pa maneno kumi, na anayesahihisha mtihani wa zamani ampe alama mtoto aliyeandika “long”.